Geti Halimjui Mize

Msiniulize nilianza lini. Humu Jumbani neno "lini" hutembea kwa mkongojo, likifika aliyeuliza amekwisha kuondoka. Ninachojua ni kwamba nilikikuta kiti kina joto. Mtu alikuwa ameinuka hapo, mimi nikakaa, na tangu nikae sijainuka ila kwa haja za mwili, nazo zina mlango wake nyuma ya pazia. Chakula huletwa. Mkeka upo. Kwa hiyo mkinisikia nataja asubuhi na mchana, mjue nimeyaazima maneno hayo kwa wenzangu, na huenda nikayarudisha yamechakaa.

Mbele ya kiti yupo Karani. Wenzangu walimpa jina hilo kwa mzaha, maana hana kalamu wala kofia wala kikohozi cha makarani. Ni kioo cheusi kilichosimama juu ya meza, na ndani ya weusi ule kuna kialama kimoja cheupe kinachowaka na kuzimika, kinangoja. Hana picha za kugusa. Hana rangi. Unamwandikia mstari mmoja wa maneno, unabonyeza, naye anakujibu mstari mmoja, kisha anarudi kwenye kupepesa kwake. Ukikosea herufi anasema hakuelewi. Ukimbembeleza pia hakuelewi. Niliwahi kumwandikia "habari za asubuhi" akanijibu kuwa amri hiyo haipo, nikaona haya mbele ya kioo.

Kazi yangu ni kumwuliza nani yupo. Naandika:

> nani yupo

Naye hunitolea majina. Nikimwandikia "yupo fulani", fulani huyo anakuwapo. Nikimwandikia "hayupo", basi hayupo, hata kama anapiga chafya chumba cha pili. Ziko pia amri nyingine mbili. "Ruhusu" humpa mtu mlango, na "nyima" humnyang'anya. Nimewahi kuandika "nyima" kama nilivyoagizwa, kisha nikasikia mtu akisimama mbele ya mlango aliouzoea kuliko mlango wa kwao, anagusisha kadi yake, anafuta kadi kwenye suruali, anagusisha tena, na mlango unamkana. Huyo mtu alicheka kwanza. Wote hucheka kwanza. Kisha huanza kuongea na mlango kwa adabu, wakiuita mheshimiwa, na hapo mimi huziba masikio.

Juu ya haki zote hizo iko moja inayoitwa mzizi. Aliye na mzizi hakuna mlango unaomwuliza kitu. Mzizi uko kwenye kiti changu, na mimi nimekalia kiti, kwa hiyo niliamini siku zote kuwa mzizi ni wangu. Kadi sikupewa. Niliambiwa, au niliota nikiambiwa, kwamba mwenye mzizi hana haja ya kadi. Lilikuwa neno tamu, nikalimeza bila kutafuna.

Sasa niwaeleze ada ya watu wa humu, maana bila ada hiyo hakuna kilichotokea. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa mlangoni. Mkubwa kuliko wote ni Mzee Ngwali, fundi wa saa za ukutani, ambazo kila moja inasema lake. Anafika na bakora yake, anagusisha kadi, geti linalia "ti", linafunguka. Anapita bila kugeuka, kwa kuwa mkubwa anayegeuka kuona nani anamfuata ni mkubwa asiyeiamini heshima yake. Nyuma yake wanapita wengine wote, kila mmoja akimshikia geti mwenzake kwa kiwiko. Hakuna anayegusisha kadi. Kadi ya nini, na mkubwa amekwisha kufungua? Kugusisha kadi nyuma ya Mzee Ngwali ni sawa na kumwambia hukufungua vizuri.

Kwa hiyo, kwa Karani, kila siku aliingia mtu mmoja. Jumba zima lilijaa vishindo na vikombe na vicheko, na ukimwuliza Karani nani yupo, anajibu: Ngwali. Basi.

Ndipo mimi nilipopata kazi. Chumba changu kina kidirisha kinachotazama geti. Niliwaona kwa macho yangu wakipita, nikamwandikia Karani jina baada ya jina, yupo huyu, yupo yule, nikawafanya kuwapo. Nilijiona mtu mkubwa kwa hilo. Nilijiambia: Mshamu, bila wewe hawa ni upepo tu. Na asubuhi yenyewe haikuanza mpaka Mzee Ngwali agusishe kadi. Siku alizokuja jua likiwa limeanza kushuka, tuliamkiana za asubuhi vilevile, chai ikanywewa, na hakuna aliyeshangaa.

Siku ninayoisema, mzee alifika, geti likalia, watu wakapita. Nikamwona Mize akipita pia, Mize wa ghorofa ya pili anayepiga mihuri, ameinamisha kichwa, ana haraka ya mzazi aliyeacha mtoto wa kunyonya nyumbani. Nikaandika kama kawaida:

> yupo Mize

Karani alipepesa kwa muda mrefu kuliko nilivyomzoea. Kisha akaandika: "Nani ashuhudia?"

Nikafikiri nimekosea herufi. Nikaandika tena. Akauliza tena. Nikajaribu jina lingine, na lingine, na kila jina lilirudi na swali lilelile. Wakuu wa ghorofa za juu, ambao hatujapata kuwaona ila tunasikia viti vyao vikiburutwa, walikuwa wamemfundisha Karani adabu mpya. Tangu hapo aliamini mlango, hakuamini mtu. Nikasema moyoni, litajirekebisha. Humu ndani mambo mengi hujirekebisha ukiyaangalia pembeni.

Halikujirekebisha. Mchana ulipofika, kama ulifika, Mize alikuja mbio mpaka chumbani kwangu. Ameshika kadi mkononi kama mtu aliyeshika ushahidi, na kifuani kanga yake ilikuwa imelowa maziwa.

"Kaka Mshamu, geti limenikataa."

"Limekukataaje?"

"Linasema sijaingia. Sasa kama sijaingia nitatokaje? Mama kashafika na mtoto, yuko pale nje. Sikiliza."

Tukasikiliza. Sauti ilipita kwenye kidirisha, nyembamba, kavu, ya mtoto aliyelia mpaka akasahau alianza kulilia nini. Kila mchana mamake Mize humleta mtoto getini, Mize hutoka, hunyonyesha kwenye kibaraza, kisha hurudi kwenye mihuri yake. Mtoto yule hajui chupa. Wamejaribu, anaitema.

"Hajala kitu tangu niondoke," Mize akasema. "Na jana alikuwa na homa. Kaka, nifungulie. Wewe si ndiye unayefungua?"

Mimi si ndiye ninayefungua? Niliona fahari, kisha nikaona hofu, na sikujua ipi ilitangulia. Nikaandika:

> ruhusu Mize geti

Karani akajibu: "Mize hayupo. Asiyekuwapo na lake halipo."

Methali hiyo ni yetu. Tunaisema tukigawana sehemu ya mwenzetu aliyechelewa kwenye sinia, naye akifika tunamcheka na kumpa mkia wa samaki. Sijui Karani aliisikia wapi. Sikupata kufikiri kuwa siku moja ataambiwa hivyo mama mwenye maziwa yanayomwagika, na aliyefundishwa kuisema hajui hata sinia ni nini.

"Kimesemaje?" Mize akauliza. Hakujua kusoma maandishi madogo ya Karani, au hakutaka.

"Kinasema hupo."

Akajishika mabega yote mawili, akajitazama mpaka miguuni. "Nipo," akasema, lakini alisema kama anauliza. Hilo ndilo lililonichoma. Nimeona watu wakinyimwa milango, sikuwahi kumwona mtu akinyimwa yeye mwenyewe.

Shahidi anayekubalika kwa Karani ni yule ambaye Karani anamjua yupo, na huyo ni mmoja tu. Tukamwita Mzee Ngwali. Alipanda ngazi polepole, bakora ikigonga, saa za ukutani zikigonga kila moja kwa wakati wake. Mize akampokea mlangoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umelowa?"

Nikamweleza. Nikamwambia aseme neno moja tu, kwamba Mize aliingia nyuma yake, nami nitamwandikia Karani. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa juu ya mkeka wangu, akaweka bakora magotini.

"Siwezi," akasema.

"Kwa nini, mzee?"

"Sikumwona."

"Alikuwa mgongoni kwako! Mimi nilimwona kwa kidirisha hiki, alikuwa karibu akukanyage kisigino."

"Mgongo wangu hauna macho, Mshamu. Sijapata kugeuka pale getini maisha yangu yote. Watu wananifuata, nasikia viatu, naambiwa ni wengi. Lakini kuona sijaona." Akaigeuza bakora magotini. "Unataka niape kwa nisichokiona, na mtoto analia kwa sababu yangu. Mnaniweka pabaya."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Alikuwa analia, machozi ya kizee yasiyofika shavuni. Kumbe heshima tuliyompa ilikuwa imemfunga shingo, na sisi tuliifunga kwa mikono miwili kama tunavyomkabidhi mtu kitu kwa adabu.

Kisha akainuka. "Mimi geti linanijua. Nitoke, Mize anifuate mgongoni kama alivyoingia. Tumemaliza."

Ilionekana rahisi. Lakini Mize alikuwa amekwisha kuitafakari njia hiyo pale getini, akili ya mzazi haina subira. Akatikisa kichwa.

"Babu, wewe peke yako ndiye uliye ndani. Ukitoka, Jumba ni tupu. Jumba tupu linajifunga lenyewe, taa na hewa. Na wenzangu wote wa mihuri, na wapishi, na huyu kaka?"

"Si watagonga mlango?"

"Nani atawafungulia watu ambao hawamo?"

Mzee akakaa tena. Nje mtoto alinyamaza, na kunyamaza kwake kulitutisha kuliko kulia. Mize akakimbilia kidirishani. "Mama! Mchangamshe! Usimwache alale!" Mtoto akaanza tena, kwa chini.

Basi nikasema: mimi. Mimi ndiye niliyeona. Niko hapa tangu kiti kikiwa na joto, namjua kila anayepita kwa kiwiko chake. Nikaandika kwa vidole vilivyojaa kiburi:

> Mshamu ashuhudia

"Hakuna mtu wa jina hilo," Karani akasema.

Nikaandika jina langu lote, na la baba, na la babu. Hakuna. Nikaandika jina la utotoni ambalo aliniita bibi peke yake, jina la mzaha linalohusu masikio yangu. Hakuna. Nikamwuliza kwa namna nyingine:

> nani anaandika

"Amri hiyo haipo."

Hapo ndipo akili yangu ilipopoteza viatu vyake.

Nipo. Nani kasema? Mimi. Mimi nani? Anayeuliza. Na anayeuliza kaingilia wapi? Getini sikumbuki. Nakumbuka kiti. Nakumbuka joto la mtu mwingine, na sasa sijui kama lile joto lilikuwa la mtu au la kiti. Pengine hakuna aliyeinuka. Pengine mimi ndiye niliyeinuka, nikakaa tena, nikajiona mgeni.

Nimewaandika wote. Mkono unaoandika haujiandiki. Kisu hakijichongi mpini. Nani alinidanganya kuwa hilo ni ukubwa?

Ikiwa mimi sipo, basi nani aliwanyima wale watu milango? Walinyimwa na nani? Walilia mbele ya nini? Nilitamani sana nisiwepo wakati ule, niseme si mimi, ni kiti. Kisha nikatamani sana niwepo, hata kwa kulaumiwa. Matamanio hayo mawili yalinivuta kila moja upande wake, nami katikati nikibaki nguo inayokamuliwa. Sikujua lipi ni la kweli. Mpaka leo sijui.

"Kaka Mshamu," Mize akasema. Alikuwa amenishika bega. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Kaka, usiniache."

Nikakumbuka mzizi. Mzizi ndiyo haki pekee ambayo Karani haiulizii kama mtu yupo. Lakini mzizi hauwezi kumfungulia mtu mlango kutokea mezani, lazima ubebwe kwenye kadi mpaka mlangoni, na mimi kadi sina. Nilikuwa nimekalia ufunguo wa milango yote na sina kidole cha kuushika. Mize ana kadi. Iko mkononi mwake, ina jasho. Nikaandika amri niliyokuwa sijapata kuigusa:

> hamisha mzizi Mize

Karani akapepesa. "Atakayebaki hatakuwa na jina wala mlango. Una hakika?"

"Kinakuuliza nini?" Mize akasema.

"Kinauliza kama nina hakika."

"Unayo?"

"Sina."

Nikaandika "ndiyo".

Kioo kikawa cheusi kabisa, kialama kikapotea. Nikajua nimekufa, na nikashangaa kuwa kufa hakuna harufu. Kisha yakaja maneno mawili ambayo Karani hakupata kuniandikia mimi hata siku moja: "Karibu, Mize." Nikajaribu kuandika herufi moja, haikutokea. Vidole vyangu vilikuwa vinagonga meza tu. Niliona wivu, nakiri, wivu wa kitoto, wa kukaribishwa.

Mlango wa chumba ukafunguka wenyewe kabla Mize hajaugusa. Yeye akasimama pale pale, akapisha, akainamisha kichwa.

"Tangulia, babu."

Mtoto analia, maziwa yanamwagika, na yeye anasema tangulia babu. Ndivyo tulivyo, na mimi nilitaka kupiga kelele. Lakini Mzee Ngwali hakusogea.

"Mlango umekuitika wewe," akasema. "Nenda mbele, mwanangu. Mimi nitafuata."

Mize akatangulia. Mzee akamfuata na bakora yake, nami nikamfuata mzee, miguu yangu ikiwa haina uzoefu wa ngazi. Milango ilifunguka mmoja baada ya mmoja, watu wa mihuri na wapishi wakatoka vyumbani kututazama, na wengine, kwa mazoea, wakajiunga nyuma. Sijui tulishuka ghorofa ngapi. Kuna ghorofa niliona tumeipita mara mbili. Mbele yangu mzee alikuwa anatazama jambo ambalo hakuwahi kulitazama.

"Kumbe mgongo wa mtu uko hivi," akasema, kwa sauti ya chini. "Kanga imechanika hapa begani. Hakuna aliyeniambia."

Geti likalia "ti". Likafunguka. Mamake Mize alikuwa pale, mwanamke mfupi mwenye hasira ya kuchoka, akamtupia bintiye mtoto mikononi karibu kumwangusha. Mize hakufika kibarazani. Aliketi papo hapo kizingitini, mgongo wake ukilizuia geti lisijifunge, akamwinua mtoto, akamtia ziwa. Mtoto alilishika kwa fujo, akapaliwa, akakohoa, akarudi. Sauti ya kunyonya ilisikika mpaka nyuma kabisa ya foleni, na watu wote wa Jumbani, ambao siku ile hawakuwamo, walisimama kimya wakiisikiliza.

Mimi nilifika kizingitini nikakwama. Mguu mmoja ulikuwa kwenye sakafu, mwingine kwenye vumbi la joto. Jua lilinipiga usoni, nikalisahau jina lake.

"Pita, kaka," Mize akasema. "Nimekushikia."

"Sijui kama natoka au naingia."

"Pita tu. Utajua huko mbele."

Mamake akanitazama toka juu mpaka chini. "Na huyu nani?"

"Kaka Mshamu, mama. Ndiye anayetuandika."

"Sijawahi kumwona."

"Hata mimi nilikuwa simwoni vizuri," Mize akasema.

Nikavuka. Hakuna kilicholia. Hakuna "ti", hakuna sauti mbaya, hakuna mstari kwenye kioo. Nilipita kama kivuli cha mtu kinavyopita, nikasimama upande wa pili nikiwa sina mzizi, sina kadi, sina kiti. Nikajisemea, ndiyo hivi basi, ndivyo kutokuwapo kulivyo. Hakuumi. Nilitaka kulia lakini sikujua machozi hayo yangekuwa ya nani.

Mtoto alikuwa ameshiba. Aliachia ziwa, akageuza kichwa, mdomo ukiwa mweupe wa maziwa, akaanza kuangalia dunia kama wanavyoiangalia wao, kipande kwa kipande. Aliangalia geti. Aliangalia bakora ya Mzee Ngwali. Kisha macho yake yakafika usoni kwangu, yakasimama. Uso wake ukajikunja polepole. Akapiga kelele kubwa kuliko zote alizopiga siku ile, akajificha kifuani kwa mamake, akachungulia, akaniona bado nipo, akapiga nyingine.

"Samahani, kaka," Mize akasema, akimpapasa mgongo. "Amekuogopa. Hajazoea sura yako. Usichukie."

"Sichukii," nikasema. Nilikuwa nacheka. "Mwache alie. Usimfunike, Mize. Mwache aniangalie tena."